Maswali Yenu: Gita Linavuma, Feni Inaingia, Rekodi Imejaa Kelele

Mwezi huu sanduku limejaa barua za wapiga gita, na karibu wote mnalia na kelele ya nyuma kwenye rekodi. Ila nikisoma vizuri naona kila mtu ana kelele yake, na dawa ya huyu haimtibu yule. Kwa hiyo nawaomba, ukiniandikia nieleze inaliaje. Mvumo mzito wa "mmmm" una chanzo chake, "zzzz" yenye makali ina chake, "shhhh" ina chake, na bodaboda iliyopita nje wakati unarekodi hiyo ni habari nyingine kabisa. Mtu anayekwambia nunua hiki kabla hajakuuliza kelele inaliaje, huyo anakumalizia hela tu.

Shikamoo fundi. Nina gita la umeme la aina ya Strato (Stratocaster ya kampuni ya Fender), nachomeka kwenye intafesi ndogo, kile kiboksi cha kuingizia sauti, afu laptopu. Nikiacha kupiga nasikia zzzz na mvumo chini yake. Nikishika nyuzi inapungua, nikiachia inarudi. Nimeshabadilisha waya haikusaidia, sasa nimeambiwa ninunue intafesi ya bei kubwa. Ni kweli? *Msomaji, Temeke*

Marahaba mdogo wangu. Hiyo hela iweke kwanza, kwa dalili ulizonipa intafesi yako haina kosa. Fanya hivi, gita likiwa limechomekwa rudisha volyumu ya gita mpaka sifuri. Kelele ikikata ujue inaingilia kwenye gita lenyewe, ikibaki vilevile hapo ndo tunaanza kuushuku waya, intafesi au umeme wa laptopu. Hilo jaribio ni la bure na linakuokoa na mengi, mi nashangaa watu wanaliruka.

Hiyo ya kushika nyuzi ikapungua isikutishe, hiyo inaonyesha gita lako limefungwa vizuri ndani. Mwili wako unadaka umeme unaozagaa chumbani kutoka kwenye nyaya za ukutani, taa na chaja, na we umelikumbatia gita kwa hiyo unalipelekea. Nyuzi zimeunganishwa na waya wa ardhini kupitia briji, kile kidaraja kinachoshikilia nyuzi kwenye boksi, ukizigusa mwili wako nao unaunganishwa huko na zzzz inashuka. Ingekuwa kinyume, yaani ukishika ndo inaongezeka, ningekwambia fungua pale unapochomeka waya, mara nyingi zile nyaya mbili zimegeuzwa.

Mvumo ndo una kazi zaidi. Pikapu za Strato ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana, maelfu ya mizunguko, na kazi yake ni kuhisi uzi unavyotikisika kwenye uga wa sumaku. Shida ni kwamba haichagui, transfoma ikiwa jirani, au mota, au chaja, nayo inaihisi. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde ndo maana mvumo unakaa kwenye hezi 50, afu na marudio yake, 100, 150, 200 mpaka juu huko. Gita hilo la Fender lilitoka 1954 na mpaka leo lina tabia hiyo. Mwaka uliofuata Seth Lover wa kampuni ya Gibson akaomba hataza ya pikapu yenye koili mbili, yaani mizingo miwili ya waya, zilizounganishwa kinyume na sumaku zake nazo zimegeuzwa, matokeo yake mvumo wa koili moja unaufuta wa mwenzake lakini sauti ya uzi inabaki na kujumlishwa. Ndo hizo hambaka. Na we unaweza kuwa na kitu cha namna hiyo bila kununua, manake Strato nyingi za miaka ya karibuni pikapu ya katikati imezungushwa kinyume, kwa hiyo swichi ukiiweka namba 2 au namba 4 pikapu mbili zinafanya kazi pamoja na mvumo unashuka sana. Jaribu leo.

Afu inuka kwenye hicho kiti. Kaa mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye laptopu na eksitensheni, halafu geuka taratibu na gita lako huku umevaa hedifoni, utafika mahali mvumo unakaribia kupotea, hapo hapo weka kiti na ndo utarekodia hapo. Zima taa ya tyubu, zima taa yenye swichi ya kupunguza mwanga, hizo ni wachokozi wakubwa wa zzzz. Simu iende chumba kingine au iweke kwenye modi ya ndege, ile tititi-tititi ya kabla simu haijaita inaingia kwenye pikapu bila hodi. Chomoa chaja ya laptopu utumie betri. Na kama kuna kelele nyembamba inayobadilika ukisogeza mausi, hiyo inatoka kwenye laptopu kupitia waya wa USB, jaribu tundu jingine la USB, na kama ilikuwa inakuja ukiwa na chaja tu basi jibu umeshalipata.

Mafundi watakwambia bandika foili ya shaba ndani ya tundu la pikapu. Ni kitu kizuri, mi nakiunga mkono, ila iunganishwe na waya wa ardhini la sivyo ni pambo tu. Na ujue inasaidia zzzz, mvumo wa hezi 50 unapita kwenye foili kama haipo. Akikuahidi itaua vyote viwili, hajakwambia ukweli.

La mwisho kwako, angalia kwenye intafesi kuna kitufe kimeandikwa INST au kimechorwa gita. Kibonyeze. Bila hicho gita linaingia dhaifu na kukosa makali, we unapandisha geini, yaani nguvu ya kuingizia sauti, kufidia, na shhhh inapanda nayo.

Habari ya kazi. Napiga gita la boksi, nina maiki ya kondensa, ile ya studio. Nyumba iko karibu na barabara, bodaboda usiku na mchana, jirani ana redio, na bila feni siwezi kukaa. Nimeweka magodoro ukutani lakini bodaboda bado naisikia kwenye rekodi. Niongeze magodoro? *Mwalimu wa muziki, Kisumu*

Nzuri mwalimu. Usiongeze. Godoro linanyonya mwangwi wa ndani ya chumba, na hiyo ni faida kwako, lakini kuzuia sauti ya nje isiingie haliwezi. Kinachozuia ni uzito na kuziba mianya, ukuta mzito, mlango mzito, dirisha lisilo na upenyo, na hata hapo mngurumo wa injini na besi ya redio ya jirani vitapita, manake sauti nzito ndo ngumu kuzuia kuliko zote. Kwa nyumba ya kupanga hiyo vita huishindi, kwa hiyo tuhamie kwenye umbali.

Maiki yako sa hivi iko wapi? Watu wengi wanaiweka mbali kama sentimita 60 hivi kwa sababu wameona kwenye picha za studio, lakini ile ni studio, kimya cha kule kimelipiwa. Kila ukipunguza umbali nusu, gita linapanda kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) wakati bodaboda inabaki palepale. Kutoka sentimita 60 mpaka 15 umepata kama desibeli 12, na hakuna plagini, vile viprogramu vya kuongeza kwenye programu ya kurekodi, itakayokupa desibeli 12 safi namna hiyo. Usiielekeze kwenye tundu la gita, itavuma kama ngoma, ielekeze pale shingo inapokutana na boksi, kwenye freti ya 12 kwenda ya 14. Ukiwa karibu hivyo besi itaongezeka yenyewe, ndo tabia ya maiki hizi, kwa hiyo weka filta ya kukata sauti nzito za chini, anzia hezi 70. Uzi mnene kabisa wa gita ukiwa wazi unapiga hezi 82, kwa hiyo chini ya 70 hakuna noti yako hata moja, kuna lori na mtikisiko wa meza tu.

Afu kuna mgongo wa maiki. Kama ni ya kadioidi, yenye alama ya moyo, mgongoni ni kiziwi, basi mgongo huo uelekee dirishani na we ukae umelitazama dirisha. Nimeona watu wanakaa wameligeuzia dirisha mgongo kwa sababu wanapata hewa, hapo maiki inatazama gita na barabara kwa pamoja, yaani unairekodi Kisumu nzima. Kama maiki yako ina swichi ya pande mbili, ile alama ya namba nane, basi viziwi ni ubavuni, na hapo unaweza kuigeuza mpaka redio ya jirani iangukie ubavu.

Feni lazima izimwe, hapo sina njia ya kukuonea huruma. Hata ikiwa mbali upepo wake unaigonga maiki na pangaboi lina mdundo wake ambao unaingia kwenye wimbo. Washa kabla, chumba kipoe, zima, piga vipande vya dakika tatu nne, washa tena. Friji nayo izime, na weka funguo za nyumba ndani ya friji, hivyo hutatoka bila kukumbuka kuiwasha na samaki wako hawataharibika. Saa za kurekodi kwa nyumba ya barabarani ni kuanzia saa nane usiku mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Mvua ikinyesha kwenye bati, lala.

Kuna wanaokwambia achana na kondensa nunua maiki ya dainamiki, ile ya kawaida ya jukwaani, kwa sababu haisikii mbali. Mi naona hilo linaelezwa vibaya. Dainamiki inaonekana safi kwa sababu watu wanaibandika karibu kabisa, kondensa nayo ukiibandika karibu itakuwa vilevile. Na kwa gita la vidole, la polepole, dainamiki inahitaji geini nyingi mno na intafesi za bei ya chini zikipandishwa mpaka huko zinaanza shhhh. Baki na yako. Rekodi kwa biti 24, sehemu uliyopiga kwa nguvu kabisa ifike kama desibeli -12, yaani 12 chini ya kikomo, usihangaike kuipandisha mpaka juu kwenye nyekundu.

Nikupe na moyo kidogo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gita Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, Katanga, Kongo, mji ambao leo unaitwa Likasi, kwa mitambo aliyokuwa anazunguka nayo safarini, na lile gita mpaka leo unasikia kila kidole kinafanya nini. Mwenda alikuwa anapiga gita kavu na kuimba Kiswahili, kama we tu. Intafesi na maiki uliyonayo mezani ni safi kuliko mitambo ya wakati ule, kwa hiyo kifaa sicho kinachokukwamisha.

Fundi, nikiweka midomo kwenye maiki huku nimeshika gita napigwa shoti kidogo, na ampu inavuma sana. Jamaa mmoja wa bendi ameniambia nikate ule mguu wa tatu wa plagi ya ampu, yeye alifanya na mvumo ukaisha. Nifanye? *Mpiga solo, Tanga*

Usifanye. Ndugu yangu nakuomba usifanye, na huyo mwenzako mwambie airudishe leo hii. Ule mguu wa tatu ndo unaopeleka umeme ardhini siku kitu kikiharibika ndani ya ampu. Ukiukata, siku hiyo umeme utakaa kwenye bodi ya ampu, utapita kwenye waya, utafika kwenye nyuzi, na njia ya kuelekea ardhini itakuwa mikono yako na midomo yako iliyo kwenye maiki. Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa hivyo jukwaani kule Swansea, Wales, mwaka 1972, alishika maiki ambayo haikuwa na athi, yaani waya wa ardhini, sawasawa mbele ya watu waliokuja kumsikiliza.

Na hiyo shoti ndogo ya midomoni ni taarifa tayari, maana yake gita na maiki haviko kwenye umeme ulio sawa. Acha kutumia hiyo seti mpaka fundi umeme aliyesajiliwa apime soketi kama zina athi ya kweli, nyumba nyingi tundu la tatu lipo ukutani lakini nyuma yake hakuna waya wowote.

Ukishakuwa salama ndo tuongelee mvumo. Mara nyingi unatokana na vitu viwili vilivyounganishwa na waya wa sauti lakini kila kimoja kimechomekwa soketi yake, ampu ukuta huu, miksa au laptopu ukuta ule, athi zao zinakutana kwa njia mbili na kati yake unapita mkondo mdogo unaousikia kama mvumo. Chomeka vyote kwenye soketi moja kwa eksitensheni nzuri isiyozidiwa. Ikishindikana tafuta boksi la DI, kile kiboksi cha kuunganishia gita na miksa, lenye swichi ya kuachanisha athi, hiyo swichi inakata athi ya waya wa sauti tu, ya umeme inabaki kazini. Hiyo ndo njia halali ya kufanya alichokuwa anakitafuta jamaa yako.

Kaka, baba yangu alifariki mwaka jana. Alikuwa mpiga gita Machakos na nina rekodi yake moja tu, nilitumiwa kwa WhatsApp, inasikika jenereta na mvumo na watu wanaongea mbali. Nimeangalia video za kusafisha nikafuata lakini gita likawa kama linapigwa chini ya maji. Nisaidie. *Msomaji, Minneapolis*

Pole sana dada yangu, Mungu ampumzishe mzee. Hii tuifanye taratibu kwa sababu hatuna ya pili.

Kwanza kabisa mtafute aliyerekodi. Ile iliyopita WhatsApp imebanwa na kupoteza vitu, faili la asili likiwa bado liko kwenye simu yake lina sauti zaidi kuliko unayoihangaikia. Mwambie alitume kwa barua pepe au kama dokumenti, asilitume kama sauti ya kawaida. Ukilipata, au hata ukilikosa, hifadhi nakala mahali tatu usiziguse, kazi yote ifanyike kwenye nakala nyingine.

Sasa hiyo sauti ya majini. Ulichofanya, nadhani, ni kuiambia programu iondoe kelele yote kwa mkupuo. Hizi programu zinasikiliza kipande cha kelele tupu, zinachora sura yake, afu zinapunguza kila kinachofanana nayo popote kilipo. Ukidai sana zinaanza kula na mkia wa noti kwa sababu mkia unafanana na kelele. Kwenye programu ya Audacity chagua sekunde moja au mbili ambazo baba hajaanza kupiga wala hakuna anayeongea, chukua sura ya kelele hapo, afu chagua rekodi nzima na kupunguza weka desibeli 6, usizidi 9. Kuna sehemu ya kusikiliza kinachotolewa, isikilize. Ukisikia gita humo ndani ya takataka, rudi nyuma, umezidisha. Mara mbili za upole ni bora kuliko moja ya nguvu, na katikati pumzisha masikio.

Kabla ya hapo lakini ushughulikie mvumo kwa filta nyembamba. Video nyingi za huko Marekani zinakwambia kata hezi 60, kwa sababu umeme wa huko ni 60. Baba alirekodiwa Kenya, kule ni 50, kwa hiyo kata 50, 100, 150, 200, la sivyo unakata gita na mvumo unabaki. Filta iwe nyembamba sana hasa pale 100, manake noti ya G ya freti ya tatu kwenye uzi mnene iko hezi 98, ukikata pana unaichukua na hiyo. Na kwa kuwa ni jenereta, usitegemee ikae 50 kamili, jenereta ndogo zinapanda na kushuka kadiri mzigo unavyobadilika. Fungua mwonekano wa spektogramu, ile picha ya masafa ya sauti, uone mistari imesimama wapi hasa, kama ni 51 au 52 fuata hiyo, na ikiwa inatembea gawanya rekodi vipande vipande ukate kila kimoja kivyake.

Sauti za watu usiziondoe. Zimekaa kwenye masafa yaleyale ya gita, ukizifukuza gita linaondoka nazo, na halafu ni watu waliokuwa pale wakimsikiliza baba yako. Ukimaliza usitumie kompresa, kile chombo cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo, kuikuza, inainua kila kitu kilichokuwa chini na utarudishiwa jenereta yote. Pandisha volyumu ya kawaida tu.

Nimeweka noizi geti, ile inayofunga sauti ikishuka chini ya kiwango, kelele imeisha lakini noti ndefu zinakatwa ghafla. Napiga miziki mizito, geini kubwa. *Msomaji, Nakuru*

Geti yako inafunga mapema. Shusha kile kiwango cha kufungulia mpaka kelele ianze kupenya kidogo afu panda kidogo sana, na muda wa kuachia uweke kuanzia milisekunde 200 kwenda juu, kwa noti ndefu hata 400. Kama ina sehemu ya kuchagua inapunguza kiasi gani, usiifunge kabisa, desibeli 15 zinatosha, sikio halitashtuka. Na ihamishie kabla ya distoshen, ile inayokwaruza sauti, wala isikae baada ya kompresa. Pale mwanzoni tofauti ya noti na kelele bado ni kubwa kwa hiyo geti inajua kipi ni kipi, baada ya distoshen vyote vimelingana na inabahatisha tu. Jaribu pia kupunguza geini yenyewe, ukipiga treki mbili na kuzitupa kushoto na kulia utapata uzito uleule na kelele kidogo.

Kelele yangu mimi ni vidole, ile kwiii nikihama kodi. Kuna plagini? *Msomaji, Bujumbura*

Zipo, lakini anza na mkono. Unaburuza vidole juu ya nyuzi nene wakati unahama. Vilegeze, vinyanyue kabisa, uhame, ndo ushuke, na ukiweza tumia nyama ya kidole kuliko ncha. Nyuzi mpya zilizosokotwa ndo zinalia zaidi, zifunge siku mbili tatu kabla ya kurekodi na uzipige kwanza. Kuna nyuzi zilizopakwa utando, zinalia kidogo zaidi na zinadumu, ila bei iko juu. Kwiii itakayobaki mahali inapokera ipunguze kwa mkono kwenye programu, chagua hiyo sehemu tu ushushe desibeli 6, nyingine ziache, msikilizaji anataka kujua ni mtu anapiga.